UZI: Programu ya kurusha skrini ya mwalimu kwenye maabara ya kompyuta. Ipi inafaa, na kwa nini mwanafunzi anaona giza

#1 Mwl_Maabara

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa wanaofunga na kutunza maabara za kompyuta mashuleni.

Chumba kina kompyuta 30 za wanafunzi na 1 ya mwalimu. Zote ni za mezani, Core i3, RAM ya GB 4, Windows 10. Mtandao ni wa waya, swichi mbili za poti 24, na ruta moja ndogo inayotumia laini ya simu, kwa hiyo intaneti ni ya bando la kuhesabu. Projekta ipo, ila madirisha yako pande zote mbili. Ikifika saa nne asubuhi picha imefifia, na wa safu za nyuma hawasomi jina la menyu wala namba ya seli kwenye Excel.

Nataka skrini ya mwalimu ionekane kwenye kila kompyuta, niweze kuzifunga skrini zao ninapoeleza, nione nani amekwama, na nigawe faili la zoezi bila kuzunguka na flashi. Bajeti ya leseni mwaka huu hakuna. Nichague ipi?

#2 Kipanga_TZ

Mwalimu, fungua Zoom au Google Meet, wanafunzi waingie kwa linki, unashea skrini. Ni bure na wengi wameshaizoea.

#3 Fundi_Swichi

Kipanga, kwa wanafunzi walio majumbani ni sawa. Kwa watu waliokaa chumba kimoja, hapana.

Picha inatoka kompyuta ya mwalimu, inapanda hadi seva ya nje, kisha inashuka mara 30, nakala moja kwa kila kompyuta, na zote zinapita kwenye laini ileile ya simu. Mwanafunzi aliye mita 2 kutoka kwa mwalimu anasubiri picha iliyozunguka nje ndipo imfikie. Bando linaliwa mara 30, na laini ikiyumba darasa zima linaganda kwa pamoja. Halafu kuna muda: Zoom ya bure inakata kikao kwenye dakika 40, Meet ya bure kwenye dakika 60 watu wakifika watatu na kuendelea. Kipindi pacha ni dakika 80. Na hata mtandao ukiwa mzuri, huna uwezo wa kumfungia mwanafunzi skrini. Anaishusha Zoom chini na kuendelea na mchezo.

AnyDesk na TeamViewer nazo zitatajwa muda si mrefu, kwa hiyo niziseme kabisa. Bure yao ni ya matumizi binafsi, si ya taasisi, na zimetengenezwa ili fundi mmoja aingie kwenye mashine moja. Si za kuonyesha watu 30 kitu kimoja.

Kanuni ya kwanza mwalimu: chumba kikiwa kimoja, picha isitoke nje ya swichi. Ukichomoa waya wa intaneti kwenye ruta, somo lisitikisike. Programu yoyote isiyofaulu jaribio hilo, iondoe kwenye orodha yako.

#4 Bi_Mtandao

Naunga mkono. Kwa mazingira hayo (Windows, waya, hakuna bajeti) jibu ni Veyon. Ni programu huria, ya bure kwa shule na kwa mtu binafsi, inaendeshwa kwenye Windows na Linux, na haihitaji intaneti baada ya kuipakua. Waliokuwa wakitumia iTALC zamani wanaijua: ni mradi uleule, uliobadilishwa jina kuwa Veyon mwaka 2017. Kuna nyongeza zinazouzwa, lakini yote uliyoyataja yamo kwenye toleo la bure: kurusha skrini, kufunga skrini, kuona skrini zote kwa pamoja, kushika kipanya cha mwanafunzi kutoka mezani kwako, kutuma faili, kutuma ujumbe, kuzima na kuwasha kompyuta.

Kabla ya kusakinisha lolote, elewa njia mbili za mawasiliano, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea siku nzima.

Unapo*angalia* skrini za wanafunzi, kompyuta yako ndiyo inayopiga hodi kwao, kwenye poti 11100 (hapa poti ni namba ya mlango wa mawasiliano ya programu, siyo tundu la swichi). Unapo*rusha* skrini yako, mambo yanageuka: kompyuta ya mwanafunzi ndiyo inayokuja kwako kuchukua picha, kwenye poti 11400. Kwa hiyo ukiona skrini zote 30 vizuri, halafu ukibonyeza kurusha wanafunzi wanapata skrini nyeusi, usihangaike na kompyuta za wanafunzi. Tatizo liko kwenye mashine yako. Mara nyingi ni faiwoli, yaani ngome ya Windows, au ni antivirasi yenye faiwoli yake ambayo Veyon haikuweza kuifungulia njia.

#5 Mwl_Maabara

Asante dada. Naomba hatua zenyewe, na kama inawezekana nisikae kwenye kila kompyuta nusu saa. Nina siku mbili tu za likizo fupi.

#6 Bi_Mtandao

Siku moja inatosha ukijiandaa. Fuata mpangilio huu, usiruke.

*Majina na anwani.* Ipe kila kompyuta jina lake, PC01 hadi PC30, na ubandike lebo hiyohiyo kwenye kava kwa mbele. Kisha ipe anwani ya IP isiyobadilika: mwalimu 192.168.10.2, PC01 iwe 192.168.10.11, PC02 iwe .12, hadi PC30 iwe .40. Kwenye ruta, sehemu ya DHCP, weka ianze kugawa .100 kwenda juu ili isije ikagawa anwani ulizokwisha kuzitumia. Ukiiachia ruta igawe ovyo, leo utaona kila kitu, kesho baada ya umeme kukatika nusu ya darasa imebadilisha anwani na Veyon inakuonyesha kompyuta "zilizozimwa" huku zinawaka mbele yako.

Kama kompyuta zilijazwa Windows kwa kunakili diski moja kwenda nyingine, angalia majina mara mbili. Nakala zote huzaliwa na jina la mama yao.

*Kompyuta ya mwalimu.* Pakua kutoka veyon.io, toleo la biti 64. Sakinisha vyote. Fungua Command Prompt kama msimamizi, ingia `C:\Program Files\Veyon`, tengeneza jozi ya funguo, kisha toa ule wa umma kwenye flashi (hapa flashi ni E):

`veyon-cli authkeys create mwalimu`
`veyon-cli authkeys export mwalimu/public E:\mwalimu_umma.pem`

Sasa una funguo mbili. Wa siri unabaki kwako, wa umma unakwenda kwa wanafunzi. Fungua Veyon Configurator, chagua uthibitisho uwe wa faili la ufunguo, siyo wa jina na nenosiri la Windows. Njia ya nenosiri inafaa shule yenye domeni, yaani seva moja inayotunza akaunti za Windows za wote. Bila domeni utaandika nenosiri kila siku, na siku moja mwanafunzi atalisoma vidole vikiwa kwenye kibodi.

*Orodha ya kompyuta.* Usiandike 30 kwa mkono. Tengeneza faili la CSV lenye mistari 30, kila mmoja jina, anwani na namba ya MAC (namba ya kudumu ya kadi ya mtandao), mfano `PC01;192.168.10.11;aa:bb:cc:dd:ee:01`. MAC utaipata kwa amri ya `getmac` kwenye kila mashine. Iandike wakati uleule unapoweka IP, usirudie safari. Kisha:

`veyon-cli networkobjects import E:\pc.csv location "Maabara" format "%name%;%host%;%mac%"`

Ukimaliza, toa mipangilio yote kwenye faili moja:

`veyon-cli config export E:\maabara.json`

*Kompyuta za wanafunzi.* Weka kwenye flashi kisakinishi, `maabara.json`, na `mwalimu_umma.pem`. Jina la kisakinishi lifupishe liwe `veyon-setup.exe`. Kwenye kila mashine, ukiwa msimamizi:

`E:\veyon-setup.exe /S /NoMaster /ApplyConfig=E:\maabara.json`

`/S` inasakinisha kimya bila maswali. `/NoMaster` inaacha nje ile sehemu ya kutawala wengine, kwa hiyo usiisahau. Njia ya faili la mipangilio iandike kamili kuanzia herufi ya diski, la sivyo haisomwi. Subiri imalize, kisha:

`"C:\Program Files\Veyon\veyon-cli" authkeys import mwalimu/public E:\mwalimu_umma.pem`
`"C:\Program Files\Veyon\veyon-cli" service restart`

Faili la mipangilio halibebi funguo, ndiyo maana hatua ya mwisho ipo peke yake. Ziandike amri hizi tatu kwenye faili la .bat na kila mashine itachukua dakika mbili tatu. Anza na PC01 na PC02 tu, jaribu kila kitu, ndipo uendelee na 28 zilizobaki. Kosa likiwemo kwenye mipangilio, heri ulirudie mara 2 kuliko mara 30.

Kama kuna programu ya kugandisha diski kama Deep Freeze, iyeyushe kwanza. Usipofanya hivyo, kila kitu kitafutika mashine ikiwashwa upya na utadhani Veyon ndiyo mbovu.

#7 Fundi_Swichi

Naongezea moja ambalo ni zito kuliko yote: ufunguo wa siri usikanyage kompyuta ya mwanafunzi. Kuna njia ya mkato ambayo huwavutia watu, kusakinisha kila kitu kwenye kompyuta ya mwalimu, kisha kunakili diski yake nzima kwenda kwa wanafunzi. Ukifanya hivyo umewapa wanafunzi 30 uwezo wa kuingia kwenye mashine yoyote ya chumba, pamoja na yako yenye mtihani na alama. Kagua `C:\ProgramData\Veyon\keys`. Kwa mwanafunzi liwepo folda la `public` tu. Ukikuta `private` lina kitu, kukifuta hakutoshi. Huwezi kujua nani ameshanakili. Tengeneza jozi mpya yenye jina lingine, gawa ule wa umma, futa wa zamani kila mahali.

Hata kwenye mashine ya mwalimu, kama inatumiwa na watu kadhaa, ufunguo wa siri uwekee kundi la Windows la walimu:

`veyon-cli authkeys setaccessgroup mwalimu/private Walimu`

#8 Kipanga_TZ

Nimeelewa hoja ya Zoom, asanteni. Swali: nimeona mahali Veyon inarushwa na picha inafika kwa kuchechemea, mwalimu anashusha menyu, wanafunzi wanaiona baada ya sekunde tano. Hiyo si hasara ileile?

#9 Fundi_Swichi

Hiyo siyo Veyon, hiyo ni swichi na ukubwa wa picha. Tupige hesabu.

Skrini ya 1920×1080 ni nukta 2,073,600. Kila nukta baiti 4, unapata MB 8.3 kwa picha moja nzima kabla ya kubanwa. Mara wanafunzi 30 ni MB 249. Poti ya 100 Mbps haiwezi kupitisha zaidi ya MB 12.5 kwa sekunde, kwa hiyo picha moja mbichi kwa darasa zima ni kama sekunde 20. Shusha skrini ya mwalimu iwe 1366×768: MB 4.2, mara 30 ni MB 126, sekunde 10. Poti ya mwalimu ikiwa ya 1 Gbps, zile sekunde 10 zinakuwa 1. Kwa kweli programu inabana picha na kutuma sehemu iliyobadilika tu, kwa hiyo hali halisi ni nzuri zaidi ya hapo, lakini uwiano haubadiliki. Nakala 30 zote zinatoka kwenye waya mmoja, ule wa mwalimu. Huo ndio wa kuupanua.

Mwalimu, geuza swichi zako utazame mbele. Swichi nyingi za poti 24 za 10/100 zina poti 2 za pembeni za gigabiti. Kama zako zinazo, fanya hivi: swichi ya kwanza, poti moja ya gigabiti iende kwa mwalimu, ya pili iende kwenye poti ya gigabiti ya swichi ya pili. Wanafunzi wabaki kwenye 100 Mbps, inawatosha sana. Ruta iende poti yoyote ya kawaida. Mpangilio huo haugharimu kitu na ndio unaotibu kuchechemea kwingi. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kinyume chake: ruta ya laini ya simu imepewa poti ya gigabiti, mwalimu yuko kwenye poti namba 17.

Halafu hakiki kwamba kweli umepata gigabiti. Kwenye Windows fungua hali ya kadi ya mtandao, isome 1.0 Gbps. Ikisoma 100 Mbps huku pande zote mbili ni gigabiti, kosa liko kwenye waya. 100 Mbps hutumia nyuzi 4 tu, pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutaka zote 8. Uzi mmoja kati ya 4, 5, 7, 8 usipogusa, mtandao hauzimiki, unashuka tu kimyakimya. Kata kichwa, krimpi upya kwa mpangilio wa T568B pande zote mbili, kebo iwe Cat5e au zaidi.

#10 Bi_Mtandao

Na upande wa programu: kwenye mashine ya mwalimu ondoa picha ya ukutani yenye maua na milima, weka rangi moja. Zima madoido ya madirisha kufifia na kuruka. Ongeza ukubwa wa maandishi uwe 125%, kwa sababu utarusha kwa namna mbili: skrini nzima, ambapo mwanafunzi hawezi kugusa kitu, au ndani ya dirisha, ambapo anafuatisha huku akifanya. Ya dirisha ndiyo nzuri kwa mazoezi, lakini picha inapungua, na maandishi madogo hayasomeki.

Orodha ya vijipicha vya wanafunzi nayo inakula mtandao. Kwenye Configurator, sehemu ya Master, ongeza muda wa kuviboresha. Sekunde 3 zinatosha kujua nani amekwama.

Video usirushe. Video inabadilisha karibu kila nukta kila mara, kubana hakusaidii, na Veyon haibebi sauti kabisa. Video ya MB 100 itume kama faili kwa wote: jumla ni GB 3, kwenye poti ya 100 Mbps ni kama dakika 4, kwenye gigabiti chini ya dakika moja kama diski hazichelewi. Kila mmoja anaifungua kwake, sauti anasikia kwa spika za darasa au kwa hedifoni.

#11 Mjukuu_wa_Lamu

Salaam kutoka upande wa Kenya. Huku kuna shule ambazo tarakilishi zake ni za Linux, kwa hiyo niseme kidogo.

Veyon kwenye Linux inafanya kazi, lakini inataka kikao cha X11, mfumo wa zamani wa Linux wa kuchora skrini. Ukiwa kwenye Wayland, ule mpya, haikuonyeshi skrini. Angalia kwa `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Ikijibu `wayland`, kwa Ubuntu 22.04 na 24.04 fungua `/etc/gdm3/custom.conf`, ondoa alama ya reli (#) kwenye mstari wa `WaylandEnable=false`, kisha uwashe upya. Ubuntu 25.10 imekiondoa kikao cha X11 cha GNOME, kwa hiyo kwa maabara usikimbilie toleo hilo. Linux Mint ya Cinnamon na Xubuntu 24.04 hutumia X11 bila kuhangaika, na kwa mashine za GB 4 ni nyepesi pia.

Maabara ikiwa ya Linux tupu, iangalie Epoptes. Yenyewe imegeuza njia: mashine ya mwanafunzi ndiyo inayomtafuta mwalimu daima, kwenye poti 789. Kwa hiyo huna haja ya orodha ya anwani. Mashine ikiwaka inajitokeza yenyewe. Kwa mwalimu:

`sudo apt install epoptes`
`sudo gpasswd -a mwalimu epoptes`

Toka kwenye akaunti uingie tena, la sivyo kundi halijakutambua. Kwa mwanafunzi:

`sudo apt install epoptes-client`

Kisha `/etc/default/epoptes-client` andika `SERVER=192.168.10.2`, na umalize kwa `sudo epoptes-client -c`, ambayo inachukua cheti cha seva. Jambo la kukumbuka: ukisakinisha upya mashine ya mwalimu, cheti kinabadilika na wanafunzi wote wanakataa kuunganika mpaka uendeshe `-c` tena kwa kila mmoja. Weka nakala ya folda la `/etc/epoptes` kabla ya kufuta mashine.

#12 Mwl_Maabara

Asanteni sana. Swichi zina poti mbili za gigabiti kila moja, nimezihamisha kama Fundi alivyosema. Maswali mawili zaidi. Kuna shule jirani yenye kompyuta za mapajani kwa Wi-Fi, Veyon itafaa? Na tukipata fedha mwakani, kuna sababu ya kununua programu ya kulipia?

#13 Fundi_Swichi

Wi-Fi: itaunganika, lakini hewa ni moja na wote wanapokezana. Nakala 30 zinapangana foleni kwenye kifaa kimoja, na laptopu moja ya mbali yenye ishara dhaifu inawachelewesha wote kwa sababu inakaa hewani muda mrefu kwa data ileile. Ushauri: kompyuta ya mwalimu ishikwe na waya hadi kwenye kifaa cha Wi-Fi, wanafunzi watumie masafa ya GHz 5, na vifaa vya Wi-Fi viwe viwili kwenye chaneli tofauti, kila kimoja watu 15. Kagua pia kipengele cha kutenga wateja, kwenye ruta huandikwa "AP isolation" au "client isolation". Kikiwashwa, kila mtu anapata intaneti lakini hakuna anayemwona mwenzake, na Veyon inaonyesha orodha yote imekufa. Mtandao wa wageni huwa nacho tayari, usiutumie.

Kwa simu na tableti chache kuna Deskreen: inaendeshwa kwa mwalimu, mwanafunzi anafungua kivinjari tu kwenye poti 3131. Mwalimu lazima amkubali kila mmoja kwa kubofya, kwa hiyo ni ya kikundi cha watu watano sita, siyo darasa.

Na kama mahitaji ni kuona tu, bila kufunga wala kusimamia, TightVNC inatosha: seva kwa mwalimu, kitazamaji kwa wanafunzi, poti 5900. Weka nenosiri la kutazama pekee, tofauti na lile la kushika kipanya, na kumbuka herufi zinazohesabiwa ni 8 tu. Ukikuta mwanafunzi wa pili akiingia wa kwanza anatolewa, nenda kwenye mipangilio ya kushirikisha kikao, ruhusu miunganiko yote iwe ya pamoja.

#14 Bi_Mtandao

Za kulipia: NetSupport School, LanSchool na Faronics Insight ndizo utakazokutana nazo. Unacholipia hasa ni majaribio yanayosahihishwa humohumo, sauti, msaada wa simu, na kwa NetSupport kurusha kwa namna ya kutangaza, yaani nakala moja inatoka na swichi inaigawa, badala ya nakala 30. Hiyo ya mwisho ni nzuri kwenye waya. Kwenye Wi-Fi ni balaa, maana vifaa vingi hurusha tangazo kwa kasi ya chini kabisa.

Kabla ya kulipa uliza mambo matatu kwa maandishi: leseni ni ya mara moja au ya kila mwaka, inahesabiwa kwa mashine au kwa chumba, na intaneti ikikosekana inaendelea kufanya kazi au la. Hilo la tatu liulize kwa mkazo, kwa sababu programu nyingi zimehamia kwenye akaunti za mtandaoni. Kwa maoni yangu, shule yenye fedha kidogo inunue swichi ya gigabiti ya poti 48 na UPS ya mwalimu kabla ya leseni yoyote.

#15 Mjukuu_wa_Lamu

Kuhusu kuwasha tarakilishi zote kwa kitufe kimoja, nimeona hamjaligusa na huwavunja watu moyo. Veyon inatuma pakiti ndogo ya baiti 102: baiti 6 za FF na namba ya MAC ikirudiwa mara 16. Kadi ya mtandao lazima iwe na umeme hata mashine ikiwa imezimwa. Shule nyingi hushusha swichi kuu ya umeme ya chumba jioni. Basi asubuhi kadi haijapata stima, na kwenye mashine nyingi hata ukirudisha swichi kuu, pakiti haisikiki mpaka iwashwe kwa mkono mara moja. Kama swichi kuu inashushwa, sahau kuwasha kwa mbali, tumia kuzima kwa mbali tu. Hiyo hufanya kazi daima na inaokoa dakika kumi za mwisho.

Kama umeme unabaki: BIOS ruhusu kuamshwa na mtandao na uzime usingizi mzito, kwenye draiva ya kadi ruhusu pakiti ya kuamsha, na Windows uiondolee ule uwashaji wa haraka kwa `powercfg /h off`.

#16 Zuhura_TEHAMA

Suala la faragha lisiachwe. Skrini ya mwanafunzi ikiangaliwa, ajue. Kwenye Configurator, sehemu ya Service, acha alama ya Veyon ionekane pale chini na uwashe taarifa inayotokea mtu anapounganika. Picha za skrini za wanafunzi zisihifadhiwe bila sababu ya kimasomo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na shule inabanwa nazo kama taasisi nyingine. Tangazo la mistari miwili ukutani, kwamba kompyuta za chumba hiki husimamiwa na mwalimu wakati wa kipindi, linatosha kuanzia. Na mwalimu mwenzako akiingia kufungua barua pepe yake kwenye PC07, mwambie pia.

#17 Mwl_Maabara

Nimefika mashine zote 30. 27 ziko sawa, ninaziona na zinapokea. PC04 na PC19 siwaoni kabisa. PC22 ninaiona, ila nikirusha inabaki nyeusi, wenzake wote wanapata.

#18 Bi_Mtandao

PC04 na PC19: kutoka kwako fungua PowerShell, `Test-NetConnection 192.168.10.14 -Port 11100`. Ikijibu True, mtandao ni mzima na kilichokosekana ni ufunguo wa umma. Uingize upya, uwashe huduma upya. Ikijibu False lakini ping (amri ya kujaribu kama mashine inajibu) inaenda, ni huduma haijaanza au faiwoli. Ping nayo ikikataa, usiamini haraka kwamba ni waya, maana Windows ikiuona mtandao kuwa wa hadhara huzuia ping pia. Kwenye mashine yenyewe endesha:

`Get-NetConnectionProfile | Set-NetConnectionProfile -NetworkCategory Private`

kisha ujaribu tena. PC19 ni .29, rudia vilevile.

PC22: ungekuwa na tatizo kwako, wote wangeona giza. Kwa kuwa ni mmoja, geuza jaribio. Anza kurusha kwa namna ya dirisha, kisha ukiwa kwenye PC22 yenyewe kutoka akaunti ya msimamizi, `Test-NetConnection 192.168.10.2 -Port 11400`. Ikikataa, kitu kwenye PC22 kinazuia kutoka; angalia antivirasi yake kama ni tofauti na za wenzake. Ikikubali, linganisha toleo la Veyon la PC22 na la kwako.

#19 Mwl_Maabara

PC04 ilikuwa mtandao wa hadhara, imekubali. PC19 ufunguo haukuingia, nimeurudia, ipo. PC22 ina antivirasi ya majaribio iliyokuja na mashine, wengine hawana. Nimeiondoa, nikaacha Defender ya Windows, sasa inapokea.

#20 Fundi_Swichi

Vizuri mwalimu. Sasa chukua ile flashi yenye kisakinishi, `maabara.json`, CSV na ufunguo wa umma, nakili yote mahali pa pili. Ufunguo wa siri nao utoe kwa `veyon-cli authkeys export mwalimu/private` kwenye flashi nyingine peke yake, ikae kabatini kwa mkuu wa shule ndani ya bahasha. Diski ya mwalimu ikifa, utaurudisha kwa `import` na hutazigusa zile 30 tena.